Umepata Chemchemi Porini? Chemsha Kwanza

Kijitabu cha kaya za Njinjo na vijiji jirani, Wilaya ya Kilwa

Kwa nini tunawaandikia

Kila msimu zahanati inapokea wagonjwa walewale wa kuhara: aliyekwenda kuchimba ming'oko, aliyelala kwenye dungu akilinda shamba, mtoto aliyetumwa kuni. Ukiwauliza walikunywa maji gani, wanajibu kwa furaha: "Tulipata chemchemi, maji yake meupe!" Meupe, sawa. Salama, hapana.

Neno kubwa

Usinywe. Chemsha kwanza.

Maji yanayong'aa

Mto Matandu ukiwa na tope kila mtu anauogopa. Chemchemi haiogopwi na yeyote, ndiyo maana inatutia wasiwasi zaidi. Vilima vya Matumbi vina miamba ya chokaa yenye nyufa na mapango, kama lile la Nang'oma. Katika miamba ya namna hiyo maji ya mvua hupenya upesi bila kuchujika, na kinyesi kilichoachwa kichakani huko juu kinaweza kutokea chini, kwenye jicho la maji. Yawe ya baridi, yawe matamu, chemsha kwanza. Mtasema babu zetu walikunywa hivyohivyo. Walikunywa, na walizika watoto wengi.

Kuchemsha

Maji yatokote kwa mapovu makubwa, yaendelee hivyo dakika moja au zaidi, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Yaweke kwenye mtungi au ndoo yenye mfuniko. Chota kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole. Yananuka moshi? Funika sufuria ikiwa jikoni. Hayana ladha? Yamimine toka chombo hiki kwenda kile mara kadhaa. Kuni hakuna? Tumia vidonge vya klorini kama pakiti inavyoelekeza, usubiri nusu saa. Ukienda shamba, beba maji yaliyochemshwa nyumbani. Dumu la lita 5 halimshindi mtu anayebeba gunia la ufuta.

Ukiwa pale kwenye chemchemi

Usikanyage ndani, usioge, usifue, usinyweshe mifugo. Usijisaidie karibu, hata haja ndogo. Sheria imeweka mita 60 za hifadhi kuzunguka chanzo cha maji, kwa hiyo hata kufyeka shamba hapo ni marufuku. Watoto wasicheze kwenye madimbwi yaliyotuama chini yake: huko ndiko wanakopata kichocho, wakaja kukojoa damu. Ukiona nyayo mbichi za tembo, ondoka. Pakiwa mahali pa tambiko, wazee waheshimiwe, na maji yachemshwe.

Nani aambiwe

Ukipata chemchemi, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, naye awafikishie habari RUWASA, wakala wa maji vijijini, ili maji yapimwe.

Baada ya mafuriko

Mnayakumbuka mafuriko ya Januari 2020. Vyoo vikifurika, hakuna chanzo cha kuaminika: kisima, mto, chemchemi, vyote chemsha.

Mtu akiharisha

Mpe ORS (dawa ya chumvichumvi ya kuharisha), pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakidumbukia, au choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, msingoje kupambazuke. Mpelekeni zahanati huku akiendelea kunywa. Na maji ya kuchanganyia ORS, jamani, nayo yachemshwe kwanza.