Namna ya kuhamisha muchungwa uliokwisha kukomaa

Swali hili linanirudilia kila mwaka, Kasongo na hata Kabambare: "Agronomu, ninahama, na muchungwa wangu unazaa vizuri. Naweza kuuchimbua niende nao?" Ndiyo, lakini si kwa namna tuliyozoea.

Mimi mwenyewe nilikosea. Mwezi wa sita, katika kiangazi, nilisaidia familia moja kuhamisha muchungwa wenye unene wa mukono. Tuliuchimbua asubuhi moja tu, tukakata mizizi karibu na shina. Mama mwenye muti akakataa tukate matawi, sababu yalikuwa na matunda. Nikamwachia. Siku ya tatu majani yakajikunja, na mbele ya mwezi kuisha muti ukawa kuni.

Ulikufa juu ya nini? Mizizi minene inashikilia muti, lakini maji yanaingia kwa vizizi vyembamba kama nywele, na vingi viko mbali na shina. Ukichimbua haraka, vinabaki shimoni. Majani yote juu yanaomba maji, na chini hakuna wa kuyaleta. Wajapani wanachimbua azalea ya zamani, ua la bustani, wanakata karibu matawi yote, wanaiweka katika chungu kifupi, nayo inachipuka tena. Wanaita bonsai. Sisi tunatafuta machungwa, si muti wa kutazama, lakini kazi ya kuchimbua ni ile ile.

Anza mwezi wa kumi, mvua ikiisha kushika. Chora duara, sentimita 35 toka shina ikiwa muti ni mnene kama mukono. Chimba mufereji wa kina cha sentimita 40, lakini nusu ya duara tu. Mizizi unayokutana nayo, ikate kwa musumeno, maana panga linaipasua. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na mbolea iliyooza. Mule ndani vizizi vipya vitazaliwa. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, fanya nusu nyingine. Mwezi wa pili, siku ya mawingu, udongo ukiwa na maji, unahamisha. Kama mvua imesimama, ngojea irudi.

Shimo jipya lichimbwe mbele. Toa matunda yote, kisha kata nusu ya matawi, hata zaidi. Hapo ndipo watu wanaona huruma, na huruma hiyo ndiyo ilinishinda mimi. Pitisha gunia chini ya udongo, lifunge kwa kamba, na mubebe kwa gunia: mukivuta shina, udongo unavunjika pamoja na vizizi.

Panda kwa kina kile kile cha zamani. Ukifunika shingo ya muchungwa kwa udongo, inaoza. Mwaga ndoo mbili, funga muti kwenye nguzo, tandika majani makavu bila kugusa shina. Mvua ikikosa, mwagilia mara mbili kwa juma, hata katika kiangazi kitakachofuata. Kama muti ulipandikizwa, chipukizi zinazotoka chini ya kiungo uzitoe, sababu hizo si za chungwa lako.

Mupera nao unavumilia kukatwa hivi. Ngazi hapana: ina moyo mumoja tu juu, ukikata huo imekufa. Papai, afazali upande mbegu mupya. Kahawa inachipuka vizuri sana, lakini usiitoe kamwe katika shamba ambamo mikahawa inakauka moja moja. Kwangua ganda chini ya shina: ukiona mbao yenye rangi nyeusi ya bluu, ni trakeomikozi, na utaihamisha pamoja na udongo. Muti kama huo unachomwa palepale.

Usikate tamaa ukiona muchungwa wako hauna jani hata moja baada ya juma tatu. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha. Kama chini yake ni kijani, endelea kumwagilia.