Mwendo wa Watu, Mabadiliko ya Mazingira na Lugha ya Maambukizi: Mfano wa Saboti

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii humsawiri mgeni kama mtu anayewasili na heri. Hata hivyo, pindi homa inapozuka kijijini, methali hiyo hupinduliwa, na swali la kwanza kuulizwa huwa ni nani aliyeileta. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Saboti, eneo bunge la Kaunti ya Trans Nzoia linaloanzia mitaa ya mji wa Kitale, kama vile Matisi na Tuwani, na kupanda hadi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hoja kuu ni kwamba msafiri huweza kubeba kiini cha ugonjwa, lakini ugonjwa hauenei mpaka ukute mahali palipo tayari kuupokea. Aidha, makala yanaonyesha jinsi kauli za vitenzi vya Kiswahili zinavyoweza kuufafanua au kuuficha ukweli huo.

Majirani wawili, malaria mbili

Bungoma na Trans Nzoia zinapakana, lakini katika mgawanyo wa maeneo ya malaria nchini Kenya kila moja imewekwa katika kundi lake. Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako malaria huwapo mwaka mzima. Trans Nzoia imo katika nyanda za juu, ambako ugonjwa huu kwa kawaida huwa haba, kisha hulipuka baadhi ya miaka kufuatia mvua na joto.

Tofauti hii inatokana hasa na mwinuko. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Bungoma uko takriban mita 1,400. Kimelea cha malaria hakina budi kukomaa ndani ya mwili wa mbu kabla ya kuweza kumwingia mtu mwingine. Penye joto, ukuaji huo huchukua siku zisizozidi wiki mbili hivi. Penye baridi huchukua wiki nyingi, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 za selsiasi, husimama kabisa. Kwa kuwa maisha ya mbu ni mafupi, mbu wengi wa nyanda za juu hufa kabla kimelea hakijakomaa.

Matokeo yake ni kwamba mtu mzima aliyekulia Bungoma huenda akawa na vimelea damuni bila kuugua, kwa sababu mwili wake umejijengea kinga baada ya kuumwa na mbu mara nyingi. Mwenzake wa nyanda za juu hana kinga hiyo, hivyo mlipuko ukitokea huangusha watoto na watu wazima pia. Kati ya majirani hawa wawili watu hawaishi kusafiri. Vibarua hupanda kwenda kupalilia na kuvuna mahindi, wafanyabiashara hufuata masoko, na kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili familia za Wabukusu hukusanyika kwa sherehe za tohara ambazo huandamana na mikesha. Mtoto wa Kitale anayekesha Bungoma bila chandarua yumo hatarini kuliko wenyeji wake. Kwa hiyo, safari hizi zina athari pande zote mbili.

Njia zilizofunguliwa

Kabla ya karne ya ishirini, malaria haikuwa tishio kubwa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliponusurika na kurejea makwao kutoka Tanganyika, baadhi yao wakiwa na vimelea mwilini. Kuanzia mwaka 1919 walowezi wa Kizungu, wengi wao wakiwa askari wa zamani, waligawiwa mashamba Trans Nzoia. Mashamba hayo yalihitaji vibarua, na vibarua walitoka katika maeneo ya chini yenye malaria. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na safari zikawa za haraka zaidi. Milipuko ya malaria katika nyanda za juu iliripotiwa mara kwa mara kati ya miaka ya 1920 na 1940.

Wakati huohuo ardhi yenyewe ilikuwa inabadilishwa. Misitu ilifyekwa, mabwawa yalikaushwa ili yalimwe, na matofali yakafyatuliwa kwenye mashimo yaliyoachwa wazi. Mbu wa jamii ya Anopheles gambiae, ambaye ni mwenezaji mkuu wa malaria, hupendelea kutaga mayai katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mitaro na mashimo ya namna hiyo. Kivuli cha miti na mafunjo hupoza maji. Kikiondolewa, viluwiluwi hukua upesi. Utafiti uliofanywa Kakamega katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba nyumba zilizo mahali palipokatwa miti huwa na joto zaidi, na mbu wanaokaa humo huishi muda mrefu na kuzaa zaidi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipowasili, zilifuatwa na milipuko mikali katika wilaya kadhaa za nyanda za juu.

Pango la Kitum

Mlima Elgon unatoa mfano wa pili, ambao ni tofauti na wa malaria. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua na kufariki Nairobi kutokana na virusi vya Marburg. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, ila alipona. Mwaka 1987 kijana mmoja kutoka Denmark naye alifariki. Wote wawili walikuwa wamezuru pango la Kitum, ambalo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi. Watafiti walioliendea pango hilo katika miaka ya 1980 hawakupata virusi. Ni popo mla matunda aliyekamatwa humo mwaka 2007 ndiye aliyekutwa navyo.

Mwezi Oktoba 2017 Uganda ilitangaza mlipuko wa Marburg katika wilaya ya Kween, upande wa pili wa mlima huo huo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo wengi. Dada yake aliyemuuguza alifuata, kisha ndugu yao mwingine, na wote watatu walifariki. Kwa kuwa mmoja wao alikuwa amevuka mpaka na kuingia Kenya, watu waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa hata upande wa Kenya. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Desemba 2017.

Kauli za vitenzi na ukweli wa ugonjwa

Mifano hii miwili inamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili. Sentensi "Wahamiaji walileta malaria" ina kiima kimoja, nacho ni wahamiaji. Mbu hayumo, shimo la matofali halimo, wala aliyefyeka msitu hamo. Kisarufi sentensi imekamilika. Kiafya imepungukiwa, kwa sababu kimelea kilicholetwa kisingeenea pasipo mambo hayo matatu.

Kauli ya kutendana inadai uangalifu zaidi. Mtu akisema kwamba watu "huambukizana malaria", anadokeza kuwa ugonjwa huu hupita kutoka kwa mtu hadi mwenzake kwa kukaribiana. Sivyo. Baina yao lazima awepo mbu. Anayeiamini kauli hiyo atamkwepa kibarua na kuyaacha maji yaliyotuama nyuma ya nyumba yake. Kwa upande wa Marburg, kauli hiyo ndiyo hasa inayofaa: watu huambukizana kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Tangazo litakalosema tu kwamba "Marburg huletwa na popo" litamwacha muuguzaji na mwosha maiti bila onyo. Hivyo basi, kiambishi "-an-" peke yake kinaweza kuelekeza kinga mahali panapostahili au kuipoteza.

Hitimisho

Historia ya Saboti inaonyesha kwamba watu wamekuwa wakisafiri kwa kazi, ndoa, sherehe na hifadhi. Mapigano ya Mlima Elgon ya mwaka 2006 hadi 2008, yaliyowahamisha makumi ya maelfu ya watu, yanakumbusha kwamba baadhi ya safari hazina hiari. Kumzuia kila msafiri hakuwezekani, na kumlaumu hakuui mbu. Yanayowezekana ni kufukia mashimo, kutunza miti kando ya mito, kulala ndani ya chandarua hata ugenini, na kuwapima mapema wenye homa.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni ya kuyapitia mabango na matangazo ya afya yaliyo katika zahanati na masoko ya maeneo yao, na kuuliza kila kitenzi maswali mawili: nani ametajwa kuwa mtenda, na nani ameachwa nje ya sentensi?