Kumpima Fuko Akiwa Ametulia

Ukipita njia za Kyuso alfajiri baada ya mvua, angalia chini. Kifusi kidogo kinachotema mchanga, utadhani kuna mtu anaurusha kwa koleo, huwa ni kazi ya fuko asiye na manyoya, mnyama wa nyanda kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Watafiti waliwachimbua hata Mtito Andei, na mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis akaonyesha kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja tu ndiye anayezaa. Maabara huwatafuta kwa sababu fuko wa gramu 35 anaweza kuishi zaidi ya miaka 30.

Je, mwili wake unatumia nishati kiasi gani akiwa amepumzika? Jibu hutafutwa kwenye pumzi. Fuko huwekwa ndani ya chemba iliyozibwa, ikapitishwa hewa kwa kasi inayojulikana. Hewa inayotoka hukaushwa, kisha oksijeni iliyobaki husomwa. Hewa kavu ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.95. Ikiwa mililita 100 zinapita kila dakika na kipimo kinasoma 20.37, fuko huyo wa gramu 35 ametumia takriban mililita 0.58 kwa dakika, sawa na mililita 1 hivi kwa kila gramu ya mwili kwa saa. Ni kidogo mno kwa mnyama wa uzito huo.

Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa sekondari ataiweza. Kazi ipo kwenye utulivu, na hasa kwenye joto. Panya mweupe ukimpima katika chumba cha nyuzi 22 anachoma chakula ili ajipashe moto, kwa hiyo chemba yake iwe karibu nyuzi 30. Fuko naye, chumba kikipoa, mwili wake hupoa pia. Mpime kati ya nyuzi 31 na 34. Usichukue mwenye mimba wala anayekua, wala aliyetoka kula. Mwanzoni atahangaika akinusa kila kona. Mwache alale, kisha uchukue kipimo cha chini kilichodumu.

Usimchimbue mwenyewe. Kumkamata kunahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), na utafiti wenyewe leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI). Ukishampima, mrudishe kwa wenzake siku hiyohiyo: akikaa mbali muda mrefu harufu ya ukoo humtoka, nao wanaweza kumshambulia kama mgeni.