Swali Moja, Majibu Mawili: Mafunzo ya Kutafsiri Hojaji za Saikolojia Bunia

Nilipokuwa mwaka wa tatu nilipata kibarua cha muda: kutafsiri hojaji ya afya ya akili kutoka Kifaransa hadi Kiswahili, kisha kuwauliza watu maswali yake katika kambi moja ya waliokimbia vita, si mbali na mji wetu wa Bunia. Nilijiona mtu wa kufaa. Kiswahili ni lugha yangu, Kifaransa nimekisoma tangu shule ya msingi, na sarufi nilikuwa nimeifaulu. Makala haya yanaeleza nilichokosea na tunachoweza kujifunza sisi wanafunzi wa lugha, kwa kuwa kazi kama hizo hutufikia mara nyingi hapa Ituri.

Swali lililonishinda lilihusu usingizi. Nililitafsiri hivi: "Hupati usingizi?" Mama mmoja mjane alinijibu kwa utulivu, "Ndiyo." Nikaandika kwamba hana shida, nikaendelea. Jioni tulipolinganisha karatasi, mwenzangu alikuwa amepata jibu lile lile kwa swali lile lile kutoka kwa mtu mwingine, naye ameandika kinyume changu. Tulibishana hadi giza likaingia. Kesho yake nilirudi kwa yule mama nikamwuliza bila kukanusha: "Mama, usiku unalala namna gani?" Akanitazama. "Mwanangu, usingizi gani? Usiku ninakaa tu, ninasikiliza."

Nilipomsahihishia jibu hilo, jumla ya alama zake ilivuka kiwango cha kumpeleka kwa mshauri. Siku moja kabla, karatasi yangu ilikuwa imemhesabu miongoni mwa wazima.

Kosa lilitoka wapi?

Kisarufi, sentensi yangu haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa katika namna lugha mbili zinavyojibu swali lenye kukanusha. Katika Kiswahili, "ndiyo" hukubaliana na kauli ya muulizaji: umesema sipati usingizi, ndiyo, ni kweli, sipati. Katika Kifaransa, anayekubaliana na ukanushi hujibu "non", na anayepinga hujibu "si". Mimi karatasi yangu ilikuwa ya Kifaransa, na siku ile sikio langu pia lilikuwa la Kifaransa. Nilisikia "ndiyo" nikaielewa kama "ninapata". Yule mama alijibu sawasawa; mimi ndiye niliyesikia vibaya.

Kulikuwa na tatizo la pili. Kati ya "hupati" ya kukanusha na "hupata" ya mazoea kuna irabu moja tu, na watu wengi hapa kwetu wangesema "haupati". Swali likisomwa haraka kambini, watoto wakilia na upepo ukivuma, irabu hiyo hupotea. Nilikuwa nimeandika kwa ajili ya jicho la mwalimu, nikasahau sikio la anayeulizwa.

Kwa nini jambo dogo namna hii lina uzito? Chukua hojaji inayojulikana duniani kwa jina la PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001. Ina maswali 9, kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Mara nyingi alama 10 hutumiwa kama mpaka wa kumwangalia mtu kwa karibu zaidi. Swali moja likieleweka kinyume, mtu anaweza kupoteza alama 3. Mwenye 11 anabaki na 8, na hakuna atakayemwita.

Mfano wa hapa Ituri

Kazi ya kupima tafsiri za namna hii imekwisha kufanywa hapa kwetu. Mwaka 2010 Cindy Mels, Ilse Derluyn na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi kuhusu hojaji mbili walizozirekebisha kwa ajili ya vijana wa mashariki ya Kongo walioguswa na vita. Ya kwanza ni IES-R, yenye maswali 22 juu ya athari za tukio la kutisha: kumbukumbu zinazorudi zenyewe, kukwepa kila kinachokumbusha, na kushtukashtuka. Ya pili ni HSCL-37A, yenye maswali 37 juu ya wasiwasi, huzuni na mienendo ya ukorofi. Walitayarisha nakala za Kifaransa na za Kiswahili cha Kongo kwa kushirikiana kwa karibu na wenyeji, kisha wakachunguza kwa takwimu kama maswali yaliyotafsiriwa bado yanajipanga katika makundi yaliyokusudiwa.

Kwetu wanafunzi wa lugha, muhimu zaidi ni kwamba walichagua Kiswahili cha Kongo, yaani kile ambacho kijana wa Bunia anakitumia akiwa na uchungu. Kiswahili sanifu tunakiheshimu darasani, na ni haki yake. Lakini hojaji si mtihani wa sarufi. Anayeulizwa akianza kujiuliza neno maana yake nini, anajibu neno na kuiacha hali yake.

Tafsiri rejeshi na mipaka yake

Njia inayofundishwa zaidi ni tafsiri rejeshi, ambayo Richard Brislin aliieleza mwaka 1970. Mtu mmoja anatafsiri kwenda lugha lengwa; mwingine, asiyeiona matini chanzi, anarudisha; kisha matini mbili zinalinganishwa. Ni njia nzuri, nami naipendekeza. Lakini fikiria swali langu. Mtu angelirudisha "Hupati usingizi?" katika Kifaransa, tungepata sentensi safi yenye maana ile ile. Tungepongezana. Tafsiri rejeshi hulinganisha matini na matini. Jibu la mtu hailioni.

Ndiyo maana inafaa kuongeza vigezo vinne ambavyo Mark van Ommeren na wenzake walivitumia kwa wakimbizi wa Bhutan waliokuwa Nepal, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1999. Kila swali huulizwa: Je, linaeleweka? Je, linakubalika, au litamtia mtu aibu asijibu ukweli? Je, linahusu maisha ya hapa? Je, limebeba maana yote ya swali la asili?

Navijaribu kwa mifano ya Bunia. Kuhusu kueleweka: "juma lililopita" si "siku saba zilizopita". Ukiuliza siku ya Ijumaa, mtu anaweza kufikiria juma lililokwisha Jumapili na kuziacha siku zilizo karibu zaidi, wakati IES-R inauliza juu ya siku saba za mwisho. Kuhusu kukubalika: swali la kutaka kujiua, likiulizwa mbele ya mama mkwe au watoto, litajibiwa "hapana" hata kama si kweli. Kuhusu kuhusika: uchovu na kukosa hamu ya chakula ni dalili za huzuni, lakini ni dalili za malaria pia, na hapa malaria haiishi, muulizaji lazima aweze kutenganisha. Kuhusu ukamilifu: hojaji ikiuliza mara ngapi hali inatokea, "sana" haifai kuwa jibu, kwa kuwa "sana" hupima nguvu. Sema "mara nyingi" au "karibu kila siku".

Kuanza na maneno ya wenyewe

Watafiti wengine wameanzia upande wa pili: kabla ya kutafsiri chochote, waliwauliza watu wanayaitaje mateso yao. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, Paul Bolton na wenzake walikuta majina mawili ya Kiganda, "yo'kwekyawa", yaani kujichukia, na "okwekubazida", yaani kujihurumia. Huko Kinshasa, katika uchunguzi wa wanawake waliojifungua uliochapishwa mwaka 2008, lilitokea jina "maladi ya souci", ugonjwa wa wasiwasi. Huko Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake waliunda hojaji ya maswali 14 kutokana na maneno ya Washona wenyewe, na mojawapo ya maneno hayo ni "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi.

Sisi tuna "mawazo". Mtu akisema hapa "yule ana mawazo", hakuna anayedhani kwamba anamsifu kwa akili. Anamaanisha mzigo. Lakini mtafsiri asiye mwangalifu ataandika "Je, una mawazo?" mahali panapohitaji fikra tu, au ataikwepa "mawazo" pale ambapo ingefaa kuliko neno lolote la kamusi.

Takwimu peke yake haitoshi

Wenzetu wa saikolojia watasema: pima kwa alfa ya Cronbach, kipimo cha tangu 1951, na ikiwa juu, hojaji ni nzuri. Alfa huonyesha kama maswali yanakwenda pamoja. Haionyeshi kama yanapima kile tunachodai kupima. Maswali kumi yanaweza kwenda pamoja vizuri sana, yote yakipima aibu ya kujibu mbele ya mgeni.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo matatu kabla ya kuikabidhi tafsiri ya hojaji. Kwanza, ondoeni kila ukanushi katika maswali. Pili, someni kila swali kwa sauti mbele ya watu watano wasiosoma chuo, na badala ya kuwauliza kama wameelewa, waombeni walieleze swali kwa maneno yao. Tatu, wauzeni wenzenu wa Kifaransa na wa saikolojia swali lenu gumu zaidi mkae mezani pamoja; kila mmoja ana sikio ambalo mwingine hana.

Swali langu la usingizi sasa linasomeka: "Katika siku saba zilizopita, ulipata shida ya kulala siku ngapi?" Halijibiwi kwa "ndiyo". Linajibiwa kwa hesabu, na hesabu ya yule mama ilikuwa saba.