Nguruwe Mwitu, Simba, na Sheria ya Kulinda Shamba

Mkulima wa Rufiji au wa Lindi hana haja ya kufundishwa ubaya wa nguruwe mwitu. Kwa usiku mmoja kundi dogo laweza kufukua mihogo na kuangusha mahindi yaliyopaliliwa kwa miezi. Kwa hiyo mazao yakikaribia kukomaa, mkulima hujenga dungu akalala shambani pamoja na jamaa zake. Lakini nguruwe haji peke yake. Simba humwandama nyuma.

Hesabu iliyotangazwa mwaka 2005 yaonyesha ya kuwa tangu 1990 hata 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania, wengi wao upande wa kusini, na mashambulio yalizidi katika miezi ya mavuno. Wilaya zenye nguruwe mwitu wengi ndizo zilizoumia zaidi. Tena watu wengi wa pande hizo hawali nguruwe, basi ni wachache wamwindao kwa kitoweo.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, ijapokuwa mnyama ni mharibifu. Lakini kuua kwa ajili ya kuokoa uhai wa watu, mifugo au mali si kosa. Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba mnyama aliyeuawa hivyo ni mali yao. Sivyo. Ngozi, meno na kucha zake ni nyara za Serikali. Mtu aliyewatetea watoto wake hana hatia. Lakini akificha kucha za simba chini ya kitanda, ajitia katika kosa jipya. Yampasa apeleke habari upesi kwa Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, au kituo cha polisi.

Sumu, nyaya za kutega na mashimo ya kunasia ni njia za kuwinda zilizokatazwa, na makatazo hayo yana maana. Mzoga uliotiwa sumu huua fisi, tumbusi na mbwa wa kijiji, na pengine simba mwenyewe asiuguse. Naye simba aliyekatwa mguu kwa waya hawezi tena kukimbiza mawindo yake; huyo ni wa kuogopwa kuliko mzima.

Yafaa zaidi kumzuia nguruwe. Chimbeni handaki refu kulizunguka shamba, kingo zake zikiwa wima, lisifunikwe kwa majani wala kutiwa miti iliyochongoka. Hilo ni la kuzuia, si la kutega. Kazi ni nzito kwa mtu mmoja, basi majirani washirikiane na kuzungusha mashamba yao pamoja.

Tena tazameni mwezi. Uchunguzi wa mashambulio ya simba katika nchi hii umeonyesha kwamba hatari huzidi katika siku 10 baada ya mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku, kabla mwezi haujachomoza. Siku hizo msitembee njiani jioni, wala watoto wasilale dunguni.

Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi kwa waliofiwa au kujeruhiwa na wanyama wakali, na kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa. Si fidia kamili. Hata hivyo, atakaye kuomba asiling'oe shamba wala kupanda upya kabla maafisa hawajafika kupima hasara.