Kufundisha Sababu za Kusitishwa kwa Mauzo ya Hisa

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwezi Aprili 1998, na leo bei za hisa za benki kama NMB na CRDB husomwa hata redioni. Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha asishangae mtoto akimwuliza kwa nini mauzo ya hisa husimamishwa mchana, ilhali wauzaji na wanunuzi wangalipo.

Katika shule za Ufipa yafaa mwalimu aanze na mahindi. Mwezi Juni 2017 serikali ilizuia nafaka isiuzwe nje ya nchi. Tuseme zuio la namna hiyo linaondolewa leo saa nne asubuhi. Mwenye lori amekwisha kusikia habari hiyo mjini Sumbawanga. Mkulima wa Laela yumo shambani, hajasikia. Saa sita mwenye lori anafika Laela na kununua magunia kwa bei ya jana. Hakuiba, wala hakudanganya kwa neno lolote. Hata hivyo mkulima amepunjwa. Wanafunzi waachwe wabishane juu ya jambo hili, kwani wengi wao ni watoto wa wakulima.

Soko la mahindi la kijijini halina kengele ya kusimamisha biashara mpaka habari iwafikie wote. Soko la hisa linayo. Hisa ya kampuni moja yaweza kusitishwa kwa sababu kampuni ina habari nzito ambayo haijawafikia watu wote, au kwa sababu bei yake imepanda au kushuka ghafla kupita kikomo kilichowekwa. Mara chache husimama soko zima.

Zana za somo ni vijikaratasi na kengele ya shule. Kila kikundi kipewe vijikaratasi kumi, viwe hisa za kiwanda cha unga cha kubuni, kwa bei ya kuanzia ya shilingi 400. Wauziane kwa dakika chache, na kila bei iandikwe ubaoni. Kisha mwalimu akinong'oneze kikundi kimoja kwamba mashine ya kiwanda imeharibika. Kikundi hicho kitakimbilia kuuza. Bei ifikapo 360, yaani imeshuka kwa asilimia 10, kengele ilie, wote wakae, habari isomwe kwa sauti. Baada ya dakika tano za kufikiri, mauzo yaendelee. Mchezo urudiwe kwa habari nyingine, safari hii bila kengele. Atakuwapo mtoto atakayelalamika kwamba ameuziwa hasara. Asinyamazishwe, malalamiko yake ndiyo kiini cha somo.

Kosa la kuepuka ni kufundisha kwamba kengele huzuia bei isishuke. Baada ya mapumziko bei yaweza kushuka zaidi, na pengine ndivyo ipasavyo, kwa kuwa mashine imeharibika kweli.

Mifano ya kweli ipo. Tarehe 19 Oktoba 1987 bei za hisa mjini New York zilianguka kwa zaidi ya asilimia 22 kwa siku moja, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaweka kanuni za kusimamisha soko. Kanuni za namna hiyo zilitumika huko mara nne mwezi Machi 2020, dakika 15 kila mara. Jirani zetu wa Nairobi nao walisimamisha soko tarehe 13 Machi 2020, siku alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, baada ya kipimo cha jumla cha bei kushuka kwa zaidi ya asilimia 5.

Mwalimu asiufiche upande wa pili. China ilianza kutumia kanuni hiyo Januari 2016. Soko likafungwa tarehe 4 na tena tarehe 7, kisha kanuni ikaondolewa mara moja. Watu walipoona kikomo kinakaribia, walikimbilia kuuza kabla mlango haujafungwa, na mbio hizo zikazidi kuishusha bei.

Kwa zoezi la nyumbani, waulizwe hisa ya shilingi 750 itasimama kwa bei zipi ikiwa kikomo ni asilimia 10. Wengi wataandika 675 peke yake. Waulizwe tena, mpaka wapate na 825.