Barua Pepe Yenu Inatoka Mlango Gani?

Siku hizi vikundi vingi vinapeleka maombi ya msaada na hesabu za mradi kwa barua pepe, na vingine vimeungana vikaweka seva yao ya barua. Shida ni kwamba barua inatumwa, jibu haliji, na siku ya mwisho ya maombi inapita. Pengine barua ilifika lakini ikakataliwa mlangoni, ama ikatupwa pamoja na barua takataka. Katika somo hili tuangalie sababu moja ambayo ni rahisi kusahauliwa.

Kompyuta yoyote ya intaneti ina namba yake, yaani anwani ya IP. Seva moja yaweza kuwa na namba mbili au tatu: moja ya tovuti, nyingine ya barua. Sasa barua ikitoka, inatoka na namba ipi? Msipoamua ninyi, mfumo wa kompyuta huamua wenyewe kufuatana na njia zake za mtandao, na huenda ukachukua ile msiyoitaka.

Si mnajua mambo ya posta? Bahasha ikisema imetoka Kitui na muhuri ni wa Kisumu, karani ataigeuza mara mbili. Seva inayopokea hufanya hivyo hivyo. Haitosheki na jina mlilojitaja, inaangalia namba iliyopiga hodi. Namba hii ina jina gani? Jina hilo nalo linarudi kwenye namba ile ile? Na je, mmeiandika katika rekodi yenu ya SPF, ile inayotaja namba zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lenu? Tangu Februari 2024 Google inadai jina na namba vilingane kwa kila anayetuma barua Gmail, pamoja na SPF ama sahihi iitwayo DKIM.

Basi mwambieni fundi wenu achague namba moja. Kama seva inatumia Postfix, programu ya bure aliyoitunga Wietse Venema, afungue faili la main.cf na kuandika:

smtp_bind_address = 203.0.113.25

Hiyo ni namba ya mfano tu, aweke yenu. Kisha atoe amri ya postfix reload. Lakini hapo watu hujikwaa: mstari huo unahusu namba za kizamani, IPv4, peke yake. Seva ikiwa na IPv6 pia, barua zinaweza kupitia huko bila kuuliza mtu, kwa hiyo kuna mstari wake, smtp_bind_address6.

Jambo lingine, namba hiyo lazima iwe ya kompyuta yenyewe. Kama seva iko nyuma ya ruta na namba yake inaanza na 192.168, mstari huu hautasaidia, kwa sababu ruta ndiyo inayoweka namba ya nje. Ongeeni na kampuni inayowauzia intaneti. Jina la namba pia huandikwa na mwenye namba, ambaye kwa kawaida ni kampuni hiyo hiyo.

Mkimaliza, tumeni barua kwa rafiki aliye na sanduku kwingine, afungue vichwa vyake vyote. Katika mstari wa Received ulioandikwa na seva iliyoipokea kutoka kwenu, ataona namba ndani ya mabano ya mraba. Kama si ile mliyochagua, anzeni na ruta kabla ya kumlaumu fundi.